Diski ya Mgongo: Si Kila Maumivu Yanahitaji Kisu

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, Mwanachama wa Chama cha Kiswahili

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa ninaotaka kuuzungumzia uko mgongoni, mahali ambapo mwenyewe hawezi kujitazama. Hapa kwetu Nakuru na viunga vyake watu wengi hula kwa jasho la mgongo. Kuna wachukuzi wa Soko la Wakulima, wavunaji wa viazi kule Molo, Mau Narok na Kuresoi, wachumaji wa maua Naivasha, wachumaji wa majani chai Kericho, madereva wa matatu na vijana wa bodaboda. Hata sisi wanafunzi wa shule ya kutwa tunabeba maji kabla ya kuja shuleni, na mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20 bila kuhesabu mtungi wenyewe.

Mpenzi msomaji, nia ya makala haya ni kueleza mambo manne: diski ni nini, inaumizwa na nini, inatibiwaje bila upasuaji, na ni lini mgonjwa asikae nyumbani hata siku moja zaidi. Mimi si daktari. Nimesoma, nimeuliza, na nimemwona mgonjwa wa diski kwa karibu sana kama nitakavyoeleza. Basi twende pamoja.

UTI WA MGONGO UMEJENGWAJE?

Kiswahili chetu ni kitamu. Ukitafuna muwa utaona sehemu iliyo kati ya fundo moja na jingine. Sehemu hiyo huitwa pingili. Neno hilohilo ndilo tunalotumia kwa mifupa ya uti wa mgongo, kwa sababu nayo imepangwa mmoja juu ya mwingine kama muwa uliosimama shambani. Mtoto huzaliwa na pingili 33. Saba ni za shingo, 12 za kifua, tano za kiuno, tano nyingine zilizo chini yake huungana na kuwa mfupa mmoja mtu anapokua, na nne za mwisho ni za kifandugu. Kwa hivyo pingili zinazotembea ni 24.

Katikati ya pingili hizo kuna visahani laini vinavyoitwa diski. Jumla yake ni 23. Kazi ya diski ni kuzuia mfupa usisage mfupa, kupokea mishtuko tunapotembea na kuruka, na kuuwezesha mgongo kuinama na kugeuka. Kama hungekuwa na diski ungetembea kama mtu aliyemeza ufagio!

Diski ina sehemu mbili. Ukuta wake wa nje umetengenezwa kwa nyuzi ngumu zilizopishana tabaka kwa tabaka, kama zile nyuzi unazoziona tairi la gari likichakaa. Ndani yake kuna rojorojo. Kwa kijana kama wewe na mimi, takriban asilimia 80 ya rojorojo hiyo ni maji. Umri unapoongezeka maji hupungua, na ukuta huanza kupata nyufa ndogondogo. Hilo ni jambo la kawaida kama mvi kichwani.

Jambo lingine la ajabu ni kwamba diski ya mtu mzima haina mishipa ya damu ndani yake. Chakula chake hupenya polepole kutoka kwenye mifupa iliyo juu na chini. Ndiyo maana diski ikiumia haiponi kwa siku mbili kama kidole kilichokatwa na wembe. Sigara nayo huharibu njia hiyo ya chakula, kwa hivyo mvutaji anaunyima mgongo wake riziki pamoja na mapafu.

Je, unajua kwamba asubuhi wewe ni mrefu kuliko jioni? Usiku ukiwa umelala diski hunywa maji na kuvimba kidogo. Mchana uzito wa mwili huyakamua. Tofauti hiyo yaweza kufika sentimita moja au mbili. Mjaribu mwenzako kwa futi ya mwalimu wa hisabati uone. Maana yake ni kwamba mapema asubuhi diski zimejaa na zimekazwa, na huo ndio wakati mbaya zaidi wa kuinama na kunyanyua kitu kizito. Sasa fikiria wachukuzi wetu, ambao malori yao hufika alfajiri kabla jogoo hajamaliza kuwika.

DISKI "IKITOKA" HUWA IMEFANYA NINI?

Watu husema, "Fulani diski imetoka." Usemi huu umewatia wengi hofu. Wanadhani kuna kitu kimeteleza kama sahani kutoka kabatini, na kwamba lazima mtu mwenye nguvu akisukume kirudi mahali pake. Sivyo. Diski imeshikana na mifupa pande zote mbili na haitelezi. Kinachotokea ni kwamba ukuta wa nje hulegea au hupasuka, na sehemu ya rojorojo husukumwa nje. Ikigusa neva iliyo karibu, huibana na kuifanya ivimbe.

Mara nyingi jambo hili hutokea katika diski mbili za chini kabisa za kiuno, kwa kuwa ndizo zinazobeba mzigo mwingi. Neva zinazotoka hapo huenda mguuni. Kwa hivyo mtu anaweza kulalamika kuhusu mguu kumbe shida iko kiunoni. Maumivu huanza takoni, hushuka kwenye paja na shavu la mguu hadi wayo, wakati mwingine kama umeme, wakati mwingine kama ganzi au sindanosindano. Wataalamu huyaita maumivu hayo siatika.

Ni madaktari wawili wa Boston nchini Marekani, Mixter na Barr, walioandika mwaka 1934 wakionyesha kwamba diski iliyopasuka ndiyo inayobana neva. Waliwapasua wagonjwa na kuiondoa. Tangu hapo ulimwengu ukashika njia ya kisu kwa miaka mingi. Baadaye wataalamu walianza kujiuliza: je, wote hao walihitaji kupasuliwa?

PICHA HAISEMI KILA KITU

Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwapiga picha za MRI watu 98 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Kati yao asilimia 52 walikuwa na angalau diski moja iliyovimba, na asilimia 27 walikuwa na diski iliyochomoza zaidi. Wote walikuwa wanatembea na kufanya kazi zao bila habari!

Funzo hapa ni kubwa. Picha pekee haitoshi kumwambia mtu kwamba ni mgonjwa. Daktari mzuri husikiliza kwanza, hupima nguvu za mguu, huugonga goti na kisigino kuona kama vinaitikia, na humlaza mgonjwa chali akamwinua mguu ukiwa umenyooka. Picha huja baadaye, endapo kuna dalili ya hatari au upasuaji unafikiriwa. Kwa familia ya kipato cha chini jambo hili ni la faida, maana MRI si bei ya sukuma wiki.

KISA CHA NYUMBANI KWETU

Baba yangu ni mchukuzi wa viazi. Asubuhi moja ya mwaka jana aliteremsha gunia kutoka kwenye lori, akageuka nalo likiwa bado mabegani, na hapo hapo akasikia kitu kama kamba inakatika kiunoni. Aliletwa nyumbani kwa mkokoteni. Kwa siku kadhaa mguu wa kushoto ulimwaka moto hadi kidole gumba.

Washauri walikuwa wengi kuliko viti tulivyo navyo. Jirani mmoja alisema alale kitandani mwezi mzima juu ya mbao tupu. Mwingine alijua mzee mmoja ambaye humkanyaga mgonjwa mgongoni kwa kisigino "arudishe diski." Wa tatu alisema ni lazima apasuliwe, na kwamba tuuze ng'ombe wetu wa maziwa mapema kabla bei haijashuka. Mama alinyamaza tu. Ng'ombe huyo ndiye anayelipa karo yangu.

Baba aliniita akaniambia, "Mwanangu, wewe unasoma bayolojia. Hebu niambie hii diski ni mdudu gani?" Wakati huo sikuwa na jibu. Makala haya ndiyo jibu, ingawa limechelewa.

Mama ndiye aliyekata shauri. Alimpeleka hospitali ya serikali, na huko, baada ya kupimwa, akapelekwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Yafuatayo ndiyo niliyojifunza pale, pamoja na yale niliyosoma baadaye.

NJIA ZA KUTIBU BILA UPASUAJI

1. Muda. Hii ndiyo dawa ya kwanza, na haiuzwi kwa kemisti. Wagonjwa wengi wa siatika hupata nafuu kubwa katika wiki sita hadi 12 bila kupasuliwa. Siri yake ni kwamba mwili huiona ile rojorojo iliyotoka kama mgeni, na askari wa damu huja kuila polepole. Picha zilizopigwa baada ya miezi zimeonyesha diski nyingi zilizopungua, hata nyingine kubwa. Mvumilivu hula mbivu.

2. Kutokulala kitandani. Zamani madaktari waliagiza mgonjwa alale. Mwaka 1995 watafiti wa Ufini waligawanya wafanyakazi 186 wa jiji la Helsinki waliokuwa na maumivu ya ghafla ya kiuno katika makundi matatu. La kwanza lililala siku mbili, la pili lilifanya mazoezi maalumu, na la tatu liliambiwa liendelee na shughuli za kawaida kadiri maumivu yalivyoruhusu. Kundi la tatu ndilo lililopona haraka zaidi, na lile lililolala ndilo lililochelewa. Kwa hivyo mgonjwa apumzike saa chache maumivu yakizidi, kisha ainuke atembee. Kutembea hadi kwenye lango na kurudi ni mwanzo mzuri. Kesho ataongeza hatua.

3. Mazoezi. Hapa kuna kisa cha kweli cha kufurahisha. Mwaka 1956 huko New Zealand mtaalamu wa tiba ya viungo, Robin McKenzie, alimwambia mgonjwa wake aingie chumbani alale kifudifudi amsubiri. Kumbe kichwa cha kitanda kilikuwa kimeinuliwa, na mgonjwa akalala hivyo mgongo ukiwa umepinda kwa nyuma. McKenzie alipoingia alishtuka, lakini mgonjwa alimwambia kwamba maumivu ya mguu yalikuwa yameondoka. Kutokana na ajali hiyo McKenzie alibuni mazoezi yanayotumika duniani hadi leo.

Zoezi lenyewe huanza kwa kulala kifudifudi dakika chache. Likizoeleka, mgonjwa hujiinua kwa viwiko, na baadaye kwa viganja, huku nyonga zikibaki chini. Kuna kanuni moja ya kukumbuka: maumivu yakipanda kutoka mguuni kuelekea kiunoni, hata kama kiuno kinauma kidogo zaidi, hiyo ni dalili njema. Yakishuka kuelekea wayoni, acha zoezi hilo na umwambie mtaalamu. Si kila mgongo unapenda zoezi hili. Wengine hufaidika na la kulala chali na kuvuta magoti kifuani, au la kupiga magoti kwa mikono na miguu kisha kunyoosha mkono mmoja na mguu wa upande mwingine. Ndiyo maana inafaa mgonjwa aonyeshwe na mtu aliyesomea. Hapa Kenya Sheria ya Wanafiziotherapia ya 2014 iliunda baraza la kuwasajili, kwa hivyo una haki ya kuuliza kama anayekutibu amesajiliwa.

4. Joto na kukandwa. Chupa ya maji moto iliyofungwa kwa kitambaa hulegeza misuli iliyokaza. Kukandwa kwa upole nako huleta nafuu ya muda. Lakini mkono wa mkandaji haufiki kwenye diski na hauwezi kuirudisha. Kukanyagwa kwa kisigino au kukunjwa kwa nguvu wakati mguu una ganzi ni kucheza na moto, kwani neva iliyobanwa inaweza kubanwa zaidi.

5. Dawa za maumivu. Dawa kama ibuprofeni na diklofenaki hupunguza uvimbe na humsaidia mgonjwa ainuke afanye mazoezi. Hazitibu diski yenyewe. Zitumiwe kwa siku chache, baada ya chakula, na kwa ushauri wa daktari, kwa sababu zinaweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Mwenye vidonda, ugonjwa wa figo, shinikizo la damu au mimba asijinunulie tu. Wachukuzi wengi humeza vidonge hivyo kila asubuhi kabla ya kazi kama watu wanaokunywa chai, wapate kubeba bila kusikia uchungu. Hiyo ni hatari maradufu: tumbo linaungua, na mgongo unanyimwa sauti ya kusema "basi."

Ziko pia dawa za neva. Mwaka 2017 watafiti wa Australia walijaribu mojawapo, pregabalini, kwa wagonjwa 209 wa siatika. Haikuwasaidia zaidi ya kidonge kisicho na dawa, ila ilizidisha kizunguzungu. Kwa hivyo dawa ghali si lazima iwe dawa bora.

6. Sindano ya steroidi. Mtaalamu anaweza kuchoma dawa hii karibu na neva iliyovimba, akiongozwa na picha. Huwapa baadhi ya wagonjwa nafuu ya maumivu ya mguu kwa wiki chache. Haifanani na ile sindano ya takoni inayochomwa kila mahali.

7. Mishipi na kuvutwa. Mshipi wa kiuno na mashine ya kuuvuta mgongo vina sifa kubwa mitaani. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maumivu ya kiuno ya muda mrefu yasiyo na chanzo kimoja maalumu. Mwongozo huo ulipendekeza elimu kwa mgonjwa na mazoezi miongoni mwa mengine, na haukuunga mkono mishipi, kuvutwa, wala dawa kali za jamii ya afyuni. Ingawa mwongozo huo haukuandikwa kwa ajili ya diski pekee, unatupa mwanga. Shirika hilohilo lilisema watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno mwaka 2020. Kumbe baba yangu hakuwa peke yake!

JE, UPASUAJI HAUNA KAZI?

Una kazi. Nisieleweke vibaya. Mwaka 2007 madaktari wa Uholanzi walitoa matokeo ya wagonjwa 283 waliokuwa na siatika kali kwa wiki sita hadi 12. Nusu walipangiwa kupasuliwa mapema. Nusu walitibiwa bila kisu, na wangepasuliwa baadaye kama hali ingewalazimu. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu ya mguu haraka zaidi. Lakini baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa sawa: asilimia 95 kila upande walisema wamepona. Ni kweli kwamba karibu watu wanne kati ya kumi katika kundi la kusubiri waliishia kupasuliwa. Waliobaki, ambao ndio wengi, hawakuguswa na kisu.

Kwa hivyo kwa mtu asiye na dalili ya hatari, upasuaji ni uamuzi wa kuzungumza na daktari kwa utulivu baada ya kujaribu njia nyingine kwa wiki kadhaa. Hauhitaji kuuza ng'ombe usiku wa manane.

DALILI ZA HATARI

Sehemu hii ikate uibandike ukutani. Mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo akiwa na mojawapo ya haya:

(a) Anashindwa kukojoa, au mkojo au choo kinamtoka bila kujua.
(b) Ana ganzi katikati ya mapaja na sehemu za siri, pale mtu anapokalia baiskeli.
(c) Mguu mmoja au yote miwili inazidi kukosa nguvu, au wayo unaburuta.
(d) Maumivu yameanza baada ya kuanguka vibaya au ajali ya barabarani.
(e) Ana homa pamoja na maumivu makali ya mgongo.

Dalili tatu za kwanza zaweza kumaanisha kwamba fungu zima la neva za chini limebanwa. Hapo upasuaji wa haraka ndio unaookoa, na kuchelewa kwaweza kumwacha mtu na ulemavu wa kudumu.

Aidha, mtu anayekonda, anayetoka jasho usiku, au aliyewahi kuugua saratani asidhani ana diski tu. Kifua kikuu hushambulia mifupa ya mgongo pia. Daktari Percivall Pott wa London aliueleza ugonjwa huo tangu mwaka 1779, na bado upo. Unatibika kwa vidonge vya kifua kikuu, lakini lazima utambuliwe. Mazoezi hayatauponya.

MZIGO WENYEWE JE?

Nimesema kinga ni bora kuliko tiba? Kama sijasema nasema sasa. Katika miaka ya 1960 daktari wa Sweden, Alf Nachemson, alipima shinikizo ndani ya diski kwa kuingiza sindano maalumu. Aligundua kwamba shinikizo ni dogo mtu akilala, hupanda akisimama, na hupanda zaidi akiinama mbele huku ameshika mzigo. Kwa hivyo tunafundishwa tukunje magoti, tuweke mzigo karibu na mwili, tugeuke kwa miguu badala ya kiuno, na tuitane wawili.

Mafunzo hayo ni mazuri. Hata hivyo uchunguzi mwingi umeonyesha kwamba kumfundisha mtu namna ya kuinua, peke yake, hakupunguzi maumivu ya mgongo kazini. Sababu naiona sokoni. Hakuna namna nzuri ya kubeba gunia la kilo 110 au zaidi peke yako! Gunia la lumbesa, lile lililoongezewa kilemba cha wavu juu, linamwonea mkulima kwa kuwa analipwa kama gunia moja, na linamwonea mchukuzi kwa kuwa naye analipwa kama amebeba gunia moja.

Sheria ipo. Sheria ya Mazao ya 2013 na kanuni za viazi za 2019 zinataka gunia lisizidi kilo 50. Shirika la Kazi Duniani nalo lilipendekeza tangu mwaka 1967 kwamba mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55 kwa mikono. Tunazo kanuni, tunachokosa ni mizani na moyo wa kuzifuata. Lumbesa bado inaonekana, na mwenye macho haambiwi tazama.

Wengine hujibu kwamba magunia madogo yatamaliza kazi ya wachukuzi. Mimi nauliza: viazi vitapungua? Tani moja ni tani moja, iwe katika magunia tisa au ishirini. Kitakachobadilika ni safari, na malipo yanaweza kuhesabiwa kwa gunia dogo. Mchukuzi mwenye mgongo mzima atabeba miaka 20 zaidi. Aliyevunjika leo hana malipo ya kesho, maana kibarua hana likizo ya ugonjwa.

TAMATI

Baba alitembea, alilala kifudifudi kila jioni juu ya mkeka, na alimeza dawa kwa wiki moja tu. Mwezi wa kwanza ulikuwa mgumu na tulikula kwa mkopo wa duka. Wiki ya tisa alirudi sokoni, lakini sasa husukuma mkokoteni pamoja na mwenzake na hakubali lumbesa. Wapo wanaomcheka kwamba amekuwa mzee. Ng'ombe wetu yuko zizini.

Najua si kila mgonjwa atapona kama yeye. Ombi langu kwenu, wanafunzi wenzangu, ni hili: nyumbani kukitokea mgonjwa wa mgongo, msiwe watu wa kunyamaza. Mjue dalili za hatari. Mkiziona, kimbieni hospitali. Msipoziona, mpeni mgonjwa moyo, mwinueni atembee, na mwulizeni mtaalamu kabla hamjauza chochote. Na likizo ya Agosti ikifika, mtakapokwenda kuvuna viazi kwa shangazi na wajomba, mkipewa gunia la lumbesa semeni kwa heshima, "Tuligawe mara mbili."

Maswali ya kujadili chamani

1. Eleza kwa maneno yako kwa nini si sahihi kusema kwamba diski "imeteleza."
2. Taja dalili tatu ambazo mgonjwa wa mgongo akiwa nazo hapaswi kulala nyumbani.
3. "Gunia dogo ni adui wa mchukuzi." Jadili kauli hii.
4. Tunga sentensi mbili ukitumia neno pingili kwa maana mbili tofauti.